Umepima? Mafunzo Sita ya Fundi Umeme

Nilikuwa kidato cha nne Muheza niliposema mbele ya darasa zima kwamba nitakuwa injinia wa umeme. Kijijini kwetu umeme haukuwepo. Nilikuwa nauona kwenye nguzo za barabara ya Segera kwenda Tanga, mahali tulipokuwa tukikaa na mama na ndoo za machungwa kusubiri mabasi. Nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu zikienda kwa watu wengine, nami nikajiapiza kwamba siku moja nitajua kilichomo ndani yake.

Darasa letu ni lile la 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mimi nilipanda kutoka sifuri hadi daraja la nne, lakini Fizikia ilibaki F. Nililia siku mbili. Siku ya tatu mjomba alipiga simu kutoka Mbagala, Dar es Salaam, akasema jirani yake ni fundi umeme na anatafuta kijana wa kumsaidia. Mama akauliza, "Kijana, au hata binti?" Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mlete."

Haya ninayoyaandika niliyapata kuanzia hapo. Nimeyapanga kwa namba ili msomaji ayafuate kwa urahisi, ingawa kwangu yalikuja yamechanganyika, na mengine yalikuja zaidi ya mara moja.

1. Lengo ni kile ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua

Siku ya kwanza Fundi alinikabidhi tindo na nyundo. Nikachonga ukuta kwa ajili ya mabomba ya nyaya hadi viganja vikatoka malengelenge. Jioni, tukinawa mikono, akaniuliza nataka nini katika kazi hii.

"Nataka kuwa injinia, Fundi."

Hakunicheka. Aliuliza tu, "Na mimi nitajuaje kwamba umekuwa?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia tuanze na kitu anachoweza kukiona kwa macho yake: kabla ya mwezi kwisha, nisuke chumba kimoja peke yangu, taa moja, swichi moja na soketi mbili, yeye aje kukagua. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na lengo lenye ukubwa wa chumba. Nilijifunza kwamba waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5 na wa soketi ni 2.5, na sababu yake: soketi itachomekwa pasi na birika, na waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata moto ndani ya ukuta bila mtu kuuona. Nilijifunza kuacha urefu wa ziada kwenye kila kisanduku ili fundi atakayekuja baada yangu asihangaike.

Mwezi ulipokwisha nikamwita. Nilitarajia aniulize kama nimemaliza. Akauliza, "Umepima?"

Nilikuwa sijapima. Akageuka, akaondoka, akarudi kesho yake.

Miaka yote niliyokaa naye sikumsikia akiuliza "umemaliza?" hata mara moja. Kumaliza ni neno la fundi mwenyewe, na kipimo ni neno la mita, isiyomjua fundi wala kumwonea haya. Tangu hapo kila lengo ninalojiwekea nalipitisha kwenye swali lile lile: nani atakuja kulikagua, na atakagua nini? "Nataka kufanikiwa" halikaguliki. "Nitajitahidi" halikaguliki. Vijana wanaonifuata leo hunitajia Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115, hunitajia treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na macho yao hung'aa. Nafurahi sana kuwasikia, kwa sababu mimi nilikulia mahali ambapo hapakuwa na hata kitu kama hicho cha kuota. Halafu nawauliza: mwisho wa mwezi huu nije nikague nini?

2. Njia muulize aliyeipita juzi

Katika nyumba mojawapo tuliyofanyia kazi, mwenye nyumba alikuwa injinia mstaafu. Nilijipa moyo nikamwomba ushauri. Alinikalisha kibarazani karibu saa nzima: nirudie mtihani wa kidato cha nne, niende kidato cha tano kwa Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha chuo kikuu. Kila neno lilikuwa la kweli na alilisema kwa upendo. Lakini ilikuwa njia yake ya zamani, na ya mtu aliyeipita akiwa na baba wa kumlipia.

Fundi alinishauri niende chuo cha ufundi cha VETA. Januari 2014 nikapanda daladala hadi Chang'ombe na pesa yangu imefungwa kwenye kanga, nikiamini kwamba masomo yakianza Januari, basi Januari ndiyo ya kuomba. Nikaambiwa wanafunzi wa mwaka ule wamekwisha kuchaguliwa. Mwaka mzima umepotea hivyo, asubuhi moja tu.

Aliyeniokoa alikuwa binti mwenye ovaroli aliyekuwa akitoka langoni, mwaka mmoja tu mbele yangu. Alinieleza kwa dakika tano yale ambayo wakubwa zangu hawakuyajua: fomu hutoka mwaka unaotangulia, nianze kuulizia mapema, kuna mtihani wa kuingilia, na niwe na cheti cha kuzaliwa mkononi. Hicho cha mwisho ndicho kilichonishtua. Nilizaliwa nyumbani, na cheti sikuwa nacho. Kukipata kulinichukua miezi: barua ya serikali ya kijiji, safari ya Muheza, jina la baba lililoandikwa namna mbili kwenye karatasi mbili. Kama ningelijua hilo siku ya kurudisha fomu, ningepoteza mwaka wa pili.

Kwa hiyo ukitaka kujua ukubwa wa ndoto, kaa na wazee. Ukitaka kujua karatasi gani inahitajika na dirisha gani linafungwa saa ngapi, mtafute aliyepita pale mwaka jana, bado anakumbuka.

3. Pesa ya lengo isilale na pesa ya chakula

Nilikuwa nikipata shilingi 7,000 kwa siku. Nilijaribu kuweka akiba kwenye kibubu, nikakivunja mara mbili. Mama lishe wa pale tulipokuwa tukijenga ndiye aliyeniingiza kwenye upatu wao: wanawake kumi, shilingi 10,000 kila Jumamosi. Niliomba zamu ya mwisho. Kila Jumamosi kulikuwa na mtu wa kuniuliza, na aibu ya kukosa mbele ya mama anayenipikia ilikuwa na nguvu kuliko kufuli lolote la kibubu.

Laki yangu ilipotoka nilijua inakokwenda. Ada ya VETA wakati huo ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na watu wengi hudhani hapo ndipo gharama inapokwisha. Kwangu ada ilikuwa ndogo kuliko vyote. Viatu, ovaroli, koleo, bisibisi, mita, nauli ya Mbagala hadi Chang'ombe kwa miaka miwili, chakula cha mchana: hayo ndiyo yanayomrudisha kijana nyumbani katikati ya mwaka. Anayepanga lengo la masomo aandike nauli kabla ya ada.

4. Namba inaweza kukupotosha

Hili ni funzo zito kwangu, na nimesita mara nyingi kuliandika.

Nilimaliza chuo mwisho wa 2016. Mwaka uliofuata nilirudi kwa Fundi kama mwenzake, nikifanya kazi chini ya leseni yake. Januari 2018 nikajiwekea lengo nililolionea fahari: nyumba kumi za kwangu mwenyewe kabla ya Desemba kwisha. Lilikuwa na idadi, lilikuwa na tarehe, mtu yeyote angeweza kuzihesabu. Nilidhani nimelielewa vizuri lile swali la Fundi.

Hadi Oktoba nilikuwa na nyumba saba. Nikaanza kukimbia. Nyumba ya nane ilikuwa ya vyumba vitatu, pembezoni mwa jiji. Mwenye nyumba alitaka taa ya nje kwenye pembe ya paa, karibu na mahali wanapoanika nguo. Siku ilikuwa imekwisha na bomba la nyaya halikutosha kufika pale. Badala ya kurudi dukani, nilipitisha waya bila bomba juu ya ukingo wa bati, nikauvuta ukakaza, nikafunga taa. Ikawaka. Yule mama hakutaka ile breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, kwa sababu ya bei yake. Nilimweleza mara moja, nikaacha. Ningepaswa kusema bila hiyo sifungi. Fundi alitakiwa kuja kukagua, nikamwambia iko sawa, na kwa kuwa aliniamini, alikubali.

Ukingo wa bati ni kisu. Upepo ulikuwa ukiutikisa ule waya usiku na mchana, na wiki chache baadaye mpira wa juu ukakatika, shaba ikagusa bati. Paa zima likawa na umeme, na hakuna breka iliyokata, kwa maana paa halikuunganishwa na waya wa ardhini na limekaa juu ya mbao kavu. Umeme haukuwa na njia ya kwenda. Ulikuwa unasubiri njia. Kamba ya nguo pale ilikuwa ya chuma, ncha moja imefungwa kwenye paa. Asubuhi moja baada ya mvua binti wa nyumba ile, wa miaka kumi na mmoja, akatoka pekupeku kuanika sare zake za shule.

Alirushwa. Kamba ilimwachia; ingeweza kumng'ang'ania. Kaka yake alikimbilia meni swichi kabla ya kumgusa, na hilo huenda liliokoa watu wawili. Alilala hospitali usiku mmoja na kiganja kikaungua. Nilipofika nilimkuta kitandani akila chungwa, na mama yake akaniambia, "Karibu, mwanangu." Hakuwa na neno baya hata moja, na ningependa angekuwa nalo.

Fundi alikwenda nami kwenye nyumba ile. Alipanda ngazi, akatazama, akashuka. Akaniambia, "Mimi pia nina kosa, sikuja." Kisha akanionyesha jambo ambalo nilikuwa nimemwona akilifanya miaka mitano na kulidhania ni mazoea ya uzee: umeme ukiwa umezimwa, anapima kwa mega, kile chombo kinachoonyesha kama umeme unavuja, kati ya nyaya zenyewe, kisha kati ya nyaya na ardhi, halafu ncha moja anaiweka kwenye bati. Kama nyaya zimegusa paa, mega itasema. Inachukua dakika mbili, na kabla ya hiyo inatangulia kazi isiyo na chombo chochote, kupita kila mahali ukitazama kwa macho yako.

Niliifumua nyumba yote, nikaisuka upya kwa pesa yangu, na breka ya kuzuia kuvuja nikainunua mimi. Halafu nilirudi kwenye zile saba nyingine moja baada ya nyingine. Katika mbili nilikuta mambo ya kurekebisha. Mwaka ule sikufikisha nyumba kumi.

Vijana huambiwa waweke malengo yenye namba na tarehe, na ni kweli, mimi mwenyewe nimetangulia kusema hivyo. Lakini namba yangu ilihesabu nyumba, haikuhesabu watu wanaolala ndani yake. Chagua namba ambayo ukiikimbilia, kazi inakuwa bora. Lengo langu la 2019 niliandika hivi: kila nyumba nitakayoiwasha iwe na ukurasa wake wa vipimo. Idadi sikuandika.

5. Daftari litakusemea usipokuwepo

Lile daftari la vipimo nililianza kwa sababu ya hofu. Tarehe, mtaa, idadi ya saketi, megaomu ngapi kati ya waya na waya, ngapi kwenye ardhi, ngapi kwenye bati, breka gani, mwenye nyumba amesaini. Kuna kurasa zenye madoa ya chokaa. Kuna ukurasa ulioandikwa kwa penseli kwa sababu kalamu iligoma.

Nchini Tanzania kazi ya kufunga mifumo ya umeme inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni zina madaraja. Kati ya A, B, C na D, D ndiyo ya chini. Anayeomba kuunganishiwa umeme na TANESCO anahitaji fundi mwenye leseni. Niliomba ya daraja la D. Wanataka cheti, na wanataka kuona uzoefu. Wenzangu wengi walikuwa na miaka mingi kuliko mimi, lakini walipoambiwa waonyeshe walichofanya walibaki wakitaja mitaa kwa vidole. Mimi nilikuwa na daftari.

Leseni yangu ilipotoka nilimpelekea Fundi aione. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akairudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama nimetoa nakala.

Wapo watakaosema hayo ni kwa mafundi tu. Rafiki yangu mshonaji Temeke hupiga picha kila gauni na kuandika mita za kitambaa na saa alizotumia. Baada ya mwaka alijua gauni gani linamlipa na gani linamla, akaacha kushona la pili. Anayefundisha masomo ya jioni anaweza kuandika mwanafunzi alikuja akijua nini na ameondoka akijua nini.

6. Nyumbani waambie jina halisi la lengo lako

Kwa miaka sita mama aliwaambia majirani kwamba binti yake anasomea uinjinia Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo mwanzo, na sikuwa na ujasiri wa kumsahihisha. Kila nilipokwenda Muheza nilikuwa nimebeba uongo ambao sikuukusudia, na safari zikapungua. Nilidhani nikisema "fundi" nitakuwa nimempunguzia kitu.

Nilimwambia 2019, baada ya leseni. Tulikuwa tunamenya muhogo. "Mama, mimi si injinia. Mimi ni fundi umeme." Aliendelea kumenya. Akaniuliza injinia anafanya nini ambacho fundi hafanyi. Nikamweleza kwa kadiri nilivyojua: huyu anachora na kukokotoa, huyu anafunga na kupima. Akafikiri, kisha akauliza, "Na umeme ukija hapa kijijini, atakayeuingiza humu ndani ni nani kati ya hao wawili?"

Umeme ulikuja 2020, kwa mradi wa REA, wakala wa umeme vijijini. Kuunganishwa kulikuwa shilingi 27,000, bei ambayo hata muuza machungwa angeweza kuikusanya, na kijiji kizima kikawa kinatafuta fundi kwa wakati mmoja. Baadhi ya nyumba zilichukua kile kifaa cha UMETA, chenye soketi na taa vikiwa tayari, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kusuka nyumba yote. Nilichukua likizo ya wiki tatu. Nilisuka nyumba ya mama, ya mama mkubwa, na nyingine tano, kila moja na ukurasa wake.

Nyumba ya mama ni vyumba viwili na jiko la nje. Mita ya LUKU ilikuwa imekwisha kufungwa, na mdogo wangu alikuwa amenunua umeme wa kwanza kwa simu. Mama alimwambia amwandikie tarakimu zote ishirini kwenye karatasi, kubwa kubwa, kwa sababu alitaka aziingize mwenyewe. Majirani walikuwa wamejaa uani na watoto wamekaa juu ya mkeka. Mama alisimama mbele ya mita amevaa kanga yake mpya, karatasi mkononi, miwani puani.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, kwenye pembe ya paa.

"Mwanangu, watu wanangoja," akasema. "Unatafuta nini tena huko juu?"

"Napima bati, mama."

Akaikunja ile karatasi, akavuta kigoda, akakaa kunisubiri.